Siku ya Kutotazamana

Kuhema nilikujua tangu siku niliyozaliwa, na sikuona sababu ya kufundishwa upya nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Lakini daktari wa kazini alishaandika: wiki nane za mazoezi ya kutuliza akili, la sivyo hakuna kurudi kwenye meza yangu. Mimi ni mpokeaji wa simu za dharura hapa Duluth, mji wa baridi kando ya ziwa, huu mwaka wa kumi na nne. Mzee akianguka bafuni, jiko likishika moto, gari likizama ziwani barafu ikipasuka, sauti ya kwanza mtu anayoisikia ni yangu. Ilikuwa yangu, niseme. Mwezi wa kumi simu moja iliingia, nikasikia mtu anahema kwa shida upande wa pili, akasema maneno mawili matatu, nikafungua mdomo nimjibu, hakikutoka kitu. Mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeidaka ile simu. Mimi nikabaki nimekodoa macho kwenye skrini kama mtu aliyesahau kilichompeleka jikoni. Wakanihamishia kwenye mafaili, na mafaili yaliposhindwa kuniponya, wakanipeleka kujifunza kuhema.

Darasa lilikuwa kila Jumanne asubuhi, chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, watu kumi na mmoja tukivua mabuti mlangoni na kujitandaza kwenye mikeka kwa soksi zetu za sufu. Mwalimu, Bi Lorraine, alikuwa muuguzi wa shule kabla hajastaafu. Ana sauti ya upole sana, ile ambayo ukiwa umepumzika inakubembeleza, na ukiwa umechoka inakupandisha hasira. Wiki ya kwanza alitugawia zabibu kavu, moja moja, akatuambia tuitazame, tuinuse, tuisikilize kwa sikio, ndipo tuile. Darlene, msusi anayekaa mkeka wa pembeni yangu, akaninong'oneza kwamba yeye ameishi na wanaume watatu na hakuna hata mmoja aliyemchunguza namna hii. Nilicheka mpaka zabibu ikanianguka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini. Wiki zilizofuata tulilala chali tukaukagua mwili kuanzia vidole vya miguu kwenda juu, na kila mara mimi nilikuwa naishia magotini. Usingizi unanibeba, nakoroma, Darlene ananifinya.

Wiki ya sita ikaja siku ya kimya. Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana. Hakuna kusema, hakuna simu, na hakuna kutazamana. Bi Lorraine alilisisitiza hilo la mwisho: ukimtazama mtu machoni umeshamsemesha, naye atahisi unamdai jibu. Macho chini, kila mtu na lake. Akatuambia pia kwamba siku hiyo tutachanganywa na wenzetu wa darasa la Alhamisi, maana wao ni wachache na chumba ni kikubwa. Sikulitilia maanani. Watu wengine saba wa kuhema nao, basi.

Akili yangu ilikuwa kwenye bahasha. Niliiacha kwenye kiti cha abiria, ndani ya gari. Karatasi za talaka, zimetoka kwa wakili Jumatano, upande wangu nimeshasaini, upande wa Reuben uko wazi. Mpango ulikuwa kwamba saa tisa nikitoka kwenye kimya changu niende moja kwa moja kwenye kile chumba alichopanga juu ya duka la chambo, nisimame mlangoni, asaini, niondoke. Kisha kwa Mama, ambaye angekuwa amepika.

Mama yangu, Ardis, hakumpenda Reuben tangu siku ya kwanza. Reuben Lahti ni dereva wa greda la kaunti la kuondoa theluji barabarani, na Mama alisema mtu wa theluji huwa anayeyuka, mngojee tu. Alimngoja miaka kumi na miwili. Alipoyeyuka kweli, mwezi wa nane mwaka jana, Mama alihuzunika kwa adabu siku mbili, kisha akaanza kuimba jikoni. Asubuhi ya siku ya kimya alinipigia nikiwa natafuta soksi. "Leo usilegee, mwanangu," akasema. "Ukimwangalia tu, umekwisha. Nakujua." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, leo ni marufuku kumwangalia mtu yeyote.

Kengele ikalia, tukakaa. Nikafumba macho, nikaanza kuhesabu pumzi, moja mpaka kumi, ukipotea unaanza upya. Nilipofika ya nne baridi ya sakafu ikanikumbusha kwamba sikuleta blanketi. Nikafumbua macho kidogo, nikayashusha kama tulivyoambiwa, na mbele yangu, upande wa pili wa duara, nikaona soksi. Za kijivu, na kisigino cha kulia kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Ule uzi niliushona mimi mwenyewe, majira ya baridi mawili yaliyopita, kwa sababu wa kijivu ulikuwa umeniishia na nilikuwa mvivu wa kwenda dukani.

Nilifikiria kuondoka. Ningetambaa mpaka mlangoni, nikachukua mabuti yangu, nikakimbilia gari. Lakini daktari alitaka sahihi ya Bi Lorraine kwa kila siku niliyohudhuria, na zaidi ya hapo, nilikuwa nimechoka hata kukimbia. Nikafumba macho tena. Moja. Mbili. Tatu. Reuben.

Watu wanadhani ndoa hufa kwa makelele. Yetu ilikufa kwa zamu. Mimi narudi asubuhi, yeye anatoka. Yeye anarudi, mimi nimelala. Mwaka wa mwisho nilianza tabia ya kufika nyumbani, kuzima gari uani, na kubaki mle ndani. Nusu saa, dakika arobaini, mikono mapajani. Sikuwa na jambo nililolifikiria. Nilikuwa nimejibu watu saa kumi na mbili mfululizo na nilitaka nikae mahali ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Reuben alikuwa ananiona dirishani. Alivumilia wiki, akavumilia mwezi, kisha asubuhi moja akatoka na fulana ndani ya baridi ya alfajiri, akafungua mlango wa gari akaniuliza, "Unaongea na nani garini?" Nikamwambia hayamhusu. Ndivyo nilivyosema. Ningeweza kusema siongei na mtu, yakaisha pale pale, lakini hilo lilikuwa swali la mia na kitu kwa siku ile na majibu yalikuwa yameniishia. Akaamini alichoamini. Ikapita wiki ya kununiana, akafunga begi.

Sasa niseme na lile ambalo daktari sikumwambia. Ile simu ya mwezi wa kumi, iliyonigomesha sauti, aliyepiga alikuwa Reuben. Alisema, "Nipo barabarani, kifua, siwezi kuhema," na mimi niliyewaongoza wageni elfu kukandamiza vifua vya waume zao nilishindwa kumwambia mume wangu hata haloo. Mwenzangu alipeleka gari la wagonjwa, Reuben akapona, akaruhusiwa kesho yake. Nilipata habari kwa kusoma kumbukumbu za zamu, kama mwizi. Mama anadhani naomba talaka kwa sababu Reuben hafai. Si hivyo. Mwanamke aliyenyamaza mumewe akiomba msaada, huyo nilimwona mimi hana haki ya kuitwa mke.

Saa tano tukatolewa nje kutembea. Ni zoezi vilevile: unainua unyayo, unausogeza, unautua, na akili yote iko kwenye unyayo. Watu kumi na wanane tukizunguka maegesho ya kanisa katika theluji ya mwezi wa tatu iliyogeuka uji, vichwa chini, mwendo wa kinyonga. Mama mmoja aliyekuwa akipitisha mbwa wake alituona, akamvuta mbwa, akavuka barabara. Nikamwona Reuben anakuja upande wangu. Yaani niliona mabuti yake, na pindo la lile koti la rangi ya machungwa la kazini. Tulipishana bega kwa bega. Nikainua macho. Sheria niliivunja mimi, nakiri. Nilitaka nimwone usoni mara moja tu. Yeye alikuwa anatazama theluji, taya limekaza, akapita kama anapita mti.

Huyu ni mwanamume ambaye zamani nikiingia chumbani alikuwa anaacha kijiko hewani. Nikasema moyoni, basi, amemaliza na mimi, nimpelekee karatasi tu. Ilikuwa nipumue kwa unafuu. Badala yake nikapoteza hesabu ya nyayo.

Chakula cha mchana nacho ni kimya. Kila mtu na alichobeba, meza ndefu, kutafuna taratibu, kuhisi ladha. Nilichelewa msalani, na niliporudi kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, na pembeni yake koti la rangi ya machungwa. Nikakaa. Nikafungua sandwichi yangu ya mayai, nikatazama sandwichi. Yeye alikuwa na supu ya ule mchele mwitu unaoota ziwani, na mkate wa nyama wa dukani wenye lile tango la siki linalokujaga nao. Reuben hawezi matango ya siki, yanamchafua tumbo. Miaka kumi na miwili tango lake lilikuwa langu bila kuombwa.

Sikugeuka. Yeye hakugeuka. Niliona tu mkono wake, wenye kovu la mnyororo wa tairi juu ya kidole gumba, ukilichukua lile tango na kulisogeza polepole mezani, likapita mpaka wake, likasimama kwenye kitambaa changu cha karatasi. Mkono ukarudi kwenye kijiko. Bi Lorraine alisema tafuneni mara ishirini. Nililitafuna zaidi, maana kulimeza kulinishinda.

Baada ya chakula likaja zoezi la kuwatakia watu heri. Unafumba macho unamweka mtu mbele yako moyoni, unamwambia: uwe salama, uwe na afya, uishi bila mzigo. Kwanza unajiambia mwenyewe. Wa pili ni mtu unayempenda. Wa tatu ni mtu usiyemjua, yule unayemwona kila siku posta au dukani na hujui hata jina la mtoto wake. Wa mwisho ni mtu mgumu, aliyekukwaza. Mimi kwenye mpendwa nilimweka Mama, kwa woga tu. Kwenye nisiyemjua nikamweka yule mama wa mbwa. Reuben nikamweka kwa wagumu, nikamtakia heri meno yakiwa yameumana.

Saa nane na nusu kengele ikalia, kimya kikafunguliwa. Tukakaa duara, kila mtu aseme neno moja la siku yake. Darlene akasema amemtakia heri dada yake aliyemnyang'anya mbwa kwenye mirathi, na bado anamtaka mbwa. Watu wakacheka. Zamu ikamfikia Reuben. Akajikuna shingo, macho bado chini, akasema kwa ile sauti yake nzito ya taratibu, "Mimi mke wangu nilimweka pale pa mtu nisiyemjua."

Hakuna aliyejua kwamba mke mwenyewe yuko mikeka mitano kutoka hapo. Bi Lorraine akamshukuru, akaendelea. Mimi nilihisi kama nimepigwa kofi kanisani. Mtu mgumu angalau unamuwaza, unamkasirikia, ana mahali pake. Usiyemjua si kitu kwako. Ilipofika zamu yangu nilisema nimechoka, na Bi Lorraine akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimeshawasha gari nilipomwona Reuben anakuja, haraka, si kwa mwendo wa zoezi. Akagonga kioo cha upande wa abiria kwa kidole kimoja. Nikakishusha nusu.

"Kimya kimekwisha," akasema. "Naruhusiwa kukusemesha?"

"Sijui. Mtu usiyemjua humsemeshi ovyo maegeshoni."

Akainamisha kichwa. "Nilijua hiyo itakuuma."

"Haijaniuma."

"Greta."

"Imeniuma," nikasema. "Afadhali ungeniweka kwa wagumu. Mimi nilikuweka huko."

"Asante."

"Usinishukuru. Zilikuwa dakika kumi mbaya."

Akacheka puani, akaniomba aingie maana mabuti yake yanavuja. Bahasha nilikuwa nimeisahau. Nilipoikumbuka alishafungua mlango, akaiokota kitini, akasoma jina la wakili pale pembeni, akakaa, akailaza mapajani. Hakuuliza ni nini.

"Nilikuwa nije kwako sasa hivi," nikamwambia.

"Basi nimekuokolea safari."

Kioo kilianza kufunga mvuke. Kwa karibu niliona amekonda, na mvi zimemwingia juu ya masikio, na nilitaka kuzigusa nikajizuia. Nikamuuliza kwa nini aliniweka pale.

"Nilijaribu mwanamke wa posta," akasema. "Nikajaribu yule anayeniuzia kahawa. Kila nikimweka, uso unaokuja ni wako. Mwishoni nikasema haya, huyu basi. Nikajiuliza, mimi namjua nini? Anapenda matango ya siki. Anashona soksi kwa uzi wowote ulio karibu. Baada ya hapo nikakwama. Miaka kumi na miwili umerudi kazini nikakuuliza siku ilikuwaje, ukasema salama, nikasema vizuri, nikaenda zangu. Sijui hata simu moja uliyowahi kupokea, Greta. Moja. Halafu nikakuona umekaa garini nikadhani kuna mtu."

"Hakukuwa na mtu."

"Najua. Anayemjua mkewe hawezi kudhani vile."

"Nilikuwa nakaa tu, Reuben. Nilitaka mahali ambapo siulizwi. Ukaja ukaniuliza."

"Nikaja nikakuuliza," akasema. "Nisamehe."

Ningeweza kuishia hapo. Ingekuwa imenitosha kwa siku moja. Lakini lile jingine lilikuwa limenikaa kooni miezi mitano, na kimya cha siku nzima kilikuwa kimelisogeza mpaka kwenye meno.

"Simu ya mwezi wa kumi," nikaanza. "Siku ile kifua kilipokubana."

"Daktari alisema si moyo. Alisema ni hofu imepanda. Ndiyo nikaletwa huku kuhema."

"Sisemi hilo. Simu yako. Kabla ya yule bwana, aliyeipokea..."

"Ulikuwa wewe," akasema.

Nikamgeukia. Alikuwa ananitazama, macho yote mawili, yale yale ya kijiko hewani.

"Kulikuwa na kimya kwanza," akasema. "Na ndani ya kile kimya kuna mtu anahema. Nimelala pembeni ya hiyo pumzi miaka kumi na miwili, nitaikosaje? Nilikuwa nimelalia usukani nadhani nakufa. Nikasema, kumbe yupo. Nikahema na wewe, taratibu, mpaka yule bwana akaanza kuongea."

"Sikukujibu, Reuben. Sauti haikutoka."

"Ulikuwepo."

"Sikukujibu."

"Ulikuwepo," akarudia, na mkono ule wenye kovu ukaja ukatua juu ya wangu, kwenye gia.

Nililia. Sina namna ya kulipamba, nililia kwa kwikwi na makamasi, na yeye hakuniambia nyamaza wala hakuniuliza kitu. Akatoa mfukoni kile kitambaa changu cha karatasi, kumbe alikiokota mezani, kinanuka siki, akanipa. Nilipomaliza nikazima gari. Nje Darlene alipita, akatuona, akayashusha macho kwa adabu kama mwanafunzi bora, akaenda zake anacheka. Bahasha ilikuwa bado mapajani pa Reuben, haijafunguliwa. Sikujua kesho itafunguliwa au itachanwa. Nilikuwa nimechoka, naye alikuwa amechoka, na ilikuwa mara ya kwanza tunachoka mahali pamoja.

Simu ikaita. Mama. Nikaipokea kwa mazoea, mimi ni mtu wa kupokea simu. Akauliza kama amesaini, nikasema bado. Akauliza niko wapi, nikasema maegeshoni, kanisani. Mama yangu ana masikio ya paka.

"Nasikia mtu anahema hapo," akasema. "Unaongea na nani garini?"

"Siongei na mtu, Mama," nikasema. "Nimekaa tu na mume wangu."